Nilipata Alama Duni Nikiandika Juu ya Nyumba Niliyozaliwa

Bi Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 19, mzaliwa wa Mkomani hapa Lamu, na ninasoma mwaka wa kwanza wa uhandisi wa ujenzi katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Uniwie radhi nisikitaje jina, kwa sababu kimenifadhili na sina nia ya kukisema vibaya. Nimekuja nyumbani kwa likizo ya Disemba na nitaondoka wiki ya pili ya Januari, na kabla ya siku hiyo ni lazima niwe nimejaza fomu moja ya chuo ambayo kila nikiifungua naifunga bila kuandika kitu.

Jambo lenyewe ni hili. Chuo chetu kinamtaka kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe anasomea udaktari, hesabu au muziki, apitie semina mbili za uandishi, moja kila muhula. Si somo la sarufi. Kila semina ina mada yake ambayo mwalimu ameichagua: ipo ya magereza, ipo ya hadithi za upelelezi, ipo ya njaa na chakula, na nyingine nyingi. Darasani tunakuwa watu 15 kuizunguka meza moja, tunasoma maandishi yale yale, na kila mmoja huandika insha nne, ambazo kila moja hupitia rasimu, maoni ya wenzetu na ya mwalimu, kisha ikaandikwa upya. Muhula uliopita niliiona semina iitwayo "Nyumba na Kumbukumbu" nikasema moyoni kwamba hii nimeandikiwa mimi. Nimelelewa katika nyumba ya mawe ya bibi mzaa mama, yenye daka, kiwanda, yaani ua wa ndani, msana wa mbele na wa nyuma, yaani vyumba virefu vinavyofuatana, na ukuta mzima wa zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo. Nani katika darasa lile angenishinda kuandika juu ya nyumba?

Nakuambia haya si kwa kujisifu: sekondari insha zangu zilikuwa zikisomwa katika madarasa mengine, na katika mtihani wa KCSE nilipata A ya Kiswahili. Basi nilianza insha yangu ya kwanza hivi, nikiifasiri kutoka Kiingereza: "Tangu jadi na jadudi, mji wa Lamu umekuwa johari inayong'ara katika pwani ya Afrika Mashariki, na nyumba zake za mawe ni ushahidi wa ustadi wa mababu zetu." Mwalimu aliipigia mstari sentensi nzima, akaandika pembeni: "Nani atakubishia?" Katika ukurasa wa tatu nilikuwa nimegusia kwamba vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazifiki mbali. Hapo aliandika neno moja tu, "Hapa!", bila maelezo. Sikwenda kumwuliza, niliona haya.

Siku ya kusomeana rasimu, kijana mmoja kutoka Minnesota aliniuliza daka ni nini, na kwa nini sikusema ni nani hulala chumba gani. Nilihisi kana kwamba ameingia hadi ndani bila kupiga hodi. Niliiandika insha upya nikaongeza historia, nikataja kwamba mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, nikapamba zaidi. Nilipata C+. Insha zilizofuata zilipanda kidogo, na muhula nikaumaliza na B-.

Sasa fomu inanitaka nizipange semina tano kwa kadiri ninavyozipenda. Nimebakiwa na hizi: "Majengo na Mamlaka", "Maji ni ya Nani?", "Wanyama Mjini", "Ushahidi Mahakamani" na "Ucheshi". Mkenya mwenzangu wa mwaka wa tatu ananihimiza nichague "Ucheshi" kwa sababu mwalimu wake ana mkono mwepesi wa alama. Rafiki mwingine anasema nisijitese, programu za akili mnemba zipo. Baba naye ni fundi wa nyumba, mwaka huu anajenga nyumba ya wageni huko Shela, upande wa matuta ya mchanga, na nilipomweleza shida yangu alisema, "Nimekupeleka ukasome kujenga, si kusimulia majengo." Nashindwa kumjibu, kwa kuwa nusu yangu inakubaliana naye.

Je, niombe nisamehewe semina ya pili kwa kuwa mimi ni wa uhandisi? Na kama haiwezekani, nichague mada ya kwetu nijaribu tena, au nichague nisiyoijua kabisa, ili asiwepo atakayetarajia kitu kutoka kwangu?

Mwanafunzi, Mkomani, Lamu

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Sentensi yako ya kwanza nimeitambua mara moja, kama mtu anavyoitambua kanzu aliyoishona mwenyewe ikipita barabarani imevaliwa na mtu mwingine. Nimefundisha insha katika sekondari hapa Malindi kwa zaidi ya miaka 20, na "tangu jadi na jadudi" nimewapa wanafunzi wangu kama mama anavyowapa watoto senti za dukani. Tuliwafundisha hivyo kwa sababu. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE humpa mtahiniwa saa 1 na dakika 45 kuandika insha mbili, kila moja isiyopungua maneno 400, na mojawapo ya maswali kwa kawaida humwekea methali na kumtaka atunge kisa kitakachodhihirisha maana yake. Maana ya methali imekwisha kukubaliwa kabla kalamu haijainuliwa. Kazi ya mtahiniwa ni kuipamba, na kazi ya msahihishaji ni kutazama msamiati, mtiririko na hati. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwuliza mwanafunzi hata mmoja kama methali yenyewe ni ya kweli.

Kwa hiyo ondoa kwanza fikra kwamba hujui kuandika. Unajua, ila umejifunza fani moja ukapelekwa kwenye karakana ya fani nyingine. Mchonga milango wa Lamu na fundi wa majahazi wa Matondoni wote wanashika msumeno na patasi, lakini mlango husifiwa kwa nakshi zake, na jahazi huulizwa kama linaingiza maji. Wewe umeipelekea karakana ya majahazi mlango mzuri sana.

Nikueleze asili ya semina hizi, maana naona hamkuelezwa, na mtu akitiwa kwenye jambo asilojua lilikotoka huliona kuwa adhabu. Harvard imekuwa ikiwalazimisha wanafunzi wake kusoma uandishi tangu mwaka 1872, na mwaka 1874 ikaanza kuwataka waombaji waandike utungo mfupi katika mtihani wa kuingilia. Vijana waliokuwa wakiandika wakati ule walikuwa wana wa matajiri, waliosoma shule bora za nchi yao kwa lugha ya mama zao, na bado maprofesa walishika vichwa kwa walichokisoma. Nakutajia hili ili usije ukadhani kwamba semina hizi zimewekwa kwa ajili ya wageni ambao Kiingereza si lugha yao ya nyumbani. Princeton leo humtaka kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apitie semina ya namna hii, katika madarasa ya watu 12, na haimsamehi mtu kwa sababu alifanya vizuri shuleni. Cornell huwataka wanafunzi wake wengi wasome mbili, kama ninyi, na huko idara nyingi huziendesha, si idara ya Kiingereza peke yake. Basi swali lako la kusamehewa nalijibu hapa kwa ufupi: usiombe. Ukiomba utapoteza siku za kujaza fomu, na ukipewa utakuwa umepoteza kitu kikubwa zaidi.

Lakini kwa nini ziwe na mada? Hili ndilo limekupotosha, na si wewe pekee. Uandishi ukifundishwa peke yake hugeuka kuwa mazoezi yasiyo na kitu ndani, kama kufundishwa kuogelea ukiwa umelala kitandani. Mwalimu akichagua jambo moja finyu na maandishi machache, watu 15 wote wanakuwa wamesoma kitu kile kile. Ukimnukuu mtu vibaya, mwenzako atajua. Ukiruka hoja inayokuumiza, mwenzako ataiona. Na mtaweza kubishana juu ya jambo badala ya kusifiana hati. Mada iko kwa ajili hiyo tu. Haipimwi. Mwanafunzi wa "Magereza" hapewi alama kwa kuijua jela, na wewe hukunyimwa alama kwa kuwa hukuijua nyumba. Kama lipo kosa, ni kwamba uliijua mno ukaona kila kitu ndani yake kimekwisha kusemwa, kikabaki kupambwa.

Sasa turudi kwenye yale maneno ya pembeni. "Nani atakubishia?" umeyasoma kama kejeli, na kwa desturi zetu naelewa, maana mtu akiuliza hivyo barazani huwa anakuambia ukae kimya. Mwalimu wako alikuwa anauliza kweli. Alitaka kujua ni nani duniani, akiisoma sentensi yako, atasema "sikubaliani". Hakuna. Hata mimi wa Malindi, ambaye ningependa johari iwe huku kwetu, sina nguvu za kuibishia. Sentensi isiyoweza kubishiwa haina haja ya kurasa tano za kuitetea, na ndiyo maana kurasa zako tano zilikuwa hazina kazi ya kufanya. Wao wanataka dai, yaani kauli ambayo mtu mwenye akili timamu, aliyesoma uliyoyasoma, angeweza kuikataa, na ambayo wewe unaweza kuisimamisha kwa ushahidi.

Na dai ulikuwa nalo, mwanangu. Ulilipita katika ukurasa wa tatu. Mwalimu aliposema "Hapa!" alikuwa kama mtu anayemwita mpita njia aliyedondosha pete.

Tuitazame sentensi ile ya boriti. Umesema vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali. Hayo ndiyo maelezo ya kawaida, yamo katika vitabu na vinywani mwa waongoza watalii, na msingi wake ni wa kweli: dari ya nyumba ya mawe hubebwa na boriti zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake hupangwa mawe ya matumbawe na chokaa, mzigo mzito ambao boriti ya mkoko haiwezi kuubeba kwa upana unaozidi takriban mita 3. Mwanafunzi wa uhandisi anaweza hata kuupiga hesabu mzigo ule. Lakini hebu toka ndani ya nyumba ya bibi uingie msikitini. Misikiti ya zamani ya pwani yetu imejengwa kwa mawe yale yale, chokaa ile ile na boriti zile zile, na bado watu walisimama safu kwa safu katika ukumbi mpana. Walifanyaje? Walisimamisha nguzo katikati, boriti zikapumzika juu yake. Magofu ya msikiti mkuu wa Gede, mwendo mfupi kutoka hapa ninapokaa, yana mashina ya nguzo hizo hadi leo, na ukienda utazihesabu mwenyewe. Kwa hiyo mafundi wetu walijua jinsi ya kuipita mita 3. Walijua, wakafanya msikitini, na nyumbani hawakufanya.

Basi kwa nini vyumba vya Lamu ni vyembamba?

Umeona kilichotokea? Maelezo uliyokuwa umeyameza kama maji yamekwama kooni. Sasa huwezi kusema "kwa sababu ya boriti" ukanyamaza. Boriti zinaeleza upana wa juu kabisa usio na nguzo, hazielezi kwa nini nguzo haikutakiwa. Huenda jibu ni gharama. Huenda ni mpangilio wenyewe wa nyumba, ambao humpitisha mtu kutoka daka hadi kiwanda, kutoka kiwanda hadi msana wa kwanza, wa pili, kisha ndani, kila hatua ikiwa faragha zaidi kuliko iliyotangulia, na vyumba vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine vikiifanya kazi hiyo ambayo ukumbi mpana usingeiweza. Ukichagua jibu hilo la pili, utakuwa umedai kwamba wembamba ule ulitakwa, haukuvumiliwa tu. Hilo ni dai. Fundi anaweza kulibishia, mwanahistoria anaweza kulibishia, na bibi yako anaweza kuwabishia wote wawili.

Na hapa ndipo yule kijana wa Minnesota anapopata haki yake. Alikuuliza nani hulala chumba gani, nawe ukaona amekosa adabu. Nakubali kwamba kwetu swali hilo haliulizwi na mgeni, na ungeweza kumwambia kwa upole kwamba utalijibu kadiri heshima ya nyumba inavyoruhusu. Lakini aliuliza swali ambalo insha nzima ilikuwa inaning'inia juu yake: kama vyumba vimepangwa kwa faragha, ni faragha ya nani mbele ya nani? Asiyejua daka ni nini ndiye msomaji wako halisi, na swali lake linakulazimisha uone kwamba "daka" ni kibaraza chenye viti vya mawe mlangoni, mahali ambapo mgeni anakaribishwa na papo hapo anazuiliwa. Ungeandika hivyo, ungekuwa tayari umeanza kutoa hoja. Sisi tuliozaliwa mahali hatuoni kizingiti mpaka mtu ajikwae.

Huenda moyo wako unakataa kwa kuona kwamba kubisha si tabia yetu. Nimewasikia wengi wakisema kwamba wenzetu wa Marekani wamelelewa kujibizana nasi tumelelewa kunyamaza. Sikubali hata kidogo, na wewe wa Lamu hupaswi kukubali. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa vita vya Shela, washairi wa Lamu na wa Mombasa walijibizana kwa mashairi, akiwamo Muyaka bin Haji wa upande wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa upande wa Lamu. Mshairi anayejibu hufanya kile kile ambacho mwalimu wako anakitaka: huyachukua maneno ya mwenzake kama yalivyo, huonyesha kwamba ameyaelewa, kisha huyageuza. Hamtupi mwenzake nje ya shairi, wala haongei kana kwamba yuko peke yake duniani. Semina wataliita jambo hilo kujadiliana na vyanzo, na watakufundisha kuweka nukuu na namba za kurasa, ambazo Muyaka hakuzihitaji, lakini mchezo ni ule ule.

Kuhusu akili mnemba sitakaa sana. Mbali na kwamba vyuo vingi vinahesabu kazi ya namna hiyo kuwa wizi, na ufadhili wako ni kitu cha kukilinda, programu zile zina ustadi mkubwa hasa katika sentensi ambazo hakuna awezaye kuzibishia. Utakuwa umemnunua mtu akufanyie kosa ambalo tayari unalifanya vizuri peke yako. Na huyo mwenzako wa mwaka wa tatu, mshukuru kwa nia njema, kisha uweke "Ucheshi" mwisho. Insha zitakuwa nne zile zile, na kuieleza sababu ya watu kucheka katika lugha ya tatu ni kazi ngumu kuliko anavyodhani.

Jambo moja ninalokulaumu ni kutokwenda kwa mwalimu. Neno "Hapa!" lilikuwa mlango ulioachwa wazi kwa makusudi, na saa za mwalimu kuonana na wanafunzi ofisini mwake zimo katika mshahara wake, humwombi hisani. Vyuo vingi vya huko pia vina kituo cha uandishi ambako unaweza kukaa na mtu, mara nyingi mwanafunzi mkubwa kwako, akaisoma rasimu yako bure. Muhula ujao uende ukiwa na rasimu mbovu. Mwenye rasimu nzuri hana la kusaidiwa.

Sasa fomu. Umeniuliza uchague mada ya kwetu au ya mbali, na nadhani hiyo si njia panda yenyewe. Tafuta mada ambayo ndani yake una swali linalokuwasha. "Majengo na Mamlaka" ingekuwa ya kwanza kama ungekuwa umetoka kwenye suala la boriti na nguzo ukiwa na ari. Lakini nakuona umechoka na nyumba, na mtu asirudi kwenye kidonda kwa ajili ya kuthibitisha kwamba kimepona. Iweke ya pili. "Ushahidi Mahakamani" ya tatu, kwa sababu itakufundisha kupima maneno. Wanyama wa nne. Najua Lamu mna punda tele, na hiyo ndiyo hofu yangu, kwamba utaanza tena kuwasifu.

Ya kwanza weka "Maji ni ya Nani?", na sababu yake imo katika barua yako mwenyewe, katika sentensi ambayo uliiandika kwa ajili ya kulalamika. Baba anajenga nyumba ya wageni Shela, upande wa matuta ya mchanga. Wewe ni mtoto wa Lamu, na unajua kwamba maji ya mji yanatoka kwenye visima vya matuta hayo hayo: mvua hupenya mchangani, maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, na yakivutwa kupita kiasi bahari huingia. Mchanga ule ndio tangi la mji, na juu ya tangi watu wanataka kujenga, kwa sababu pana upepo na mandhari, na kwa sababu mgeni hulipa. Kuna mafundi wanaolisha watoto kwa ujenzi huo. Ada zako za sekondari, nadhani, zilitoka katika chokaa na saruji ya namna hiyo. Usidhani nakutuma ukaandike insha ya kumshitaki baba. Insha ya namna hiyo ingekuwa sifa iliyogeuzwa kichwa chini, na mwalimu angeipigia mstari vile vile.

Nataka ufanye jambo dogo kabla hujaondoka. Siku moja jioni, akishanawa mikono, mchukulie baba kahawa mkae pale dakani au mlangoni, mwulize maji ya nyumba ile ya wageni yatatoka wapi, choo kitachimbwa umbali gani kutoka kisimani, ni nani hutoa ruhusa ya kujenga pale, na kama ingekuwa amri yake angeijengea birika la kuvuna mvua au la. Yeye ni fundi. Atakuwa na majibu, na baadhi yake yatakushangaza. Unapomsikiliza usimbishie hata neno moja. Yaandike atakavyoyasema, umsomee, akuambie kama umempata sawasawa, na umwombe idhini ya kuyatumia. Halafu ingia nayo darasani mwezi Januari, uyaweke kando ya maandishi ya wataalamu watakayokupa huko, uone yanapogongana.

Akikuuliza kwa nini mhandisi anakaa na daftari badala ya futi, mwambie kwamba mwalimu wako alikuuliza ni nani atakayekubishia, nawe umeona uanze na yeye.